Rafiki wa Finjani

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii umefundishwa tangu madarasa ya chini, ndugu msomaji, na bila shaka umepata kuiandikia insha. Ni methali njema, wala mimi simo katika watu wapendao kupinga maneno ya wazee ili waonekane werevu. Walakini watu wameizoea hata wameitia maana isiyokuwa nayo. Wao husema hivi: madhali rafiki hujulikana siku ya dhiki, basi yule tunayekunywa naye kahawa jioni, tukacheka, kisha tukatawanyika, si rafiki; ni mwenzi wa kupotezea wakati tu. Nimepata kusikia akiitwa rafiki wa finjani, na jina hilo likitamkwa kwa kubeza. Nataka wewe na mimi tulichunguze jina hilo, tuone kama kubeza huko kuna haki.

Mahali nipajuapo kuliko pengine ni Kinondo, katika pwani ya kusini ya Kenya, mbele kidogo ya Diani na Galu ukielekea Msambweni. Upande mmoja ni bahari na mwamba wake. Upande wa pili ni minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Jua likipunga, watu wakiisha kuswali, muuza kahawa huliweka dele lake la shaba juu ya makaa, akapanga finjani zake ndani ya maji, na mabenchi ya mbao yaliyokuwa matupu tangu asubuhi yakaanza kupata wenyewe. Huja mvuvi, huja fundi wa makuti, huja kijana wa bodaboda ambaye ameiegesha pikipiki yake mahali anapoweza kuiona, na huja mwalimu, yaani mimi.

Itazame finjani yenyewe. Haina mkono, ni fupi, wala haijazwi. Kahawa iliyomo ni tungu, haina maziwa wala sukari. Ladha yake hutokana na tangawizi na iliki, na mwenye kutaka utamu huutafuta kando, katika kashata au tende. Kinywaji hicho hakimshibishi mwenye njaa wala hakimtoshi mwenye kiu. Lau mtu angalitaka kushiba, angalikwenda kwa mama auzaye mahamri na mbaazi. Na lau angalitaka kukata kiu, madafu hayako mbali. Basi mtu mzima aliyetoka baharini amechoka, mwenye chai yake nyumbani, hutembea mwendo wote ule kufuata nini? Jibu ni moja: huwafuata watu. Kahawa ni kisingizio. Nami naona ni kisingizio chenye heshima, kwa sababu binadamu huona haya kumwambia mwenzake waziwazi, "Nimekuja kuutazama uso wako." Husema, "Nimekuja kunywa kahawa," na wote wawili huelewana.

Usidhani kwamba habari hii ni ya wazee peke yao. Ukipanda tuktuk kwenda Diani utaikuta mikahawa ya namna nyingine, yenye viti vya mito, kahawa yenye povu la maziwa, na piza. Piza ni mkate mpana wa duara, uliopakwa rojo la nyanya na jibini, ukachomwa katika tanuri lenye moto mkali. Asili yake ni mji wa Napoli katika nchi ya Italia, ambako kilikuwa chakula cha maskini, kikiuzwa njiani kwa watu wasio na jiko. Leo kimepanda cheo: mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa wachoma piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa binadamu. Huku kwetu kimekuja pamoja na watalii, lakini mikono iukandayo unga siku hizi ni ya vijana wa Ukunda, Mwabungo na Kinondo. Rafiki yangu mmoja ni katika hao. Siku nyingi yeye na mimi huketi kwa muuza kahawa. Mara moja moja, mishahara ikipatikana, huenda kwenye kiduka kimoja cha piza karibu na njia kuu. Huko yeye huikagua piza ya mwenzake kama nikaguavyo mimi daftari la mwanafunzi: huinua ukingo, hutazama chini kama imeungua, hutikisa kichwa. Nikimwambia, "Fundi, kula, acha kusahihisha," hunijibu, "Mwalimu, wewe nawe hukusahihisha tangazo la ukutani tulipoingia?"

Piza, ukiitazama vema, huliwa kama sinia la pilau. Chombo ni kimoja, mikono ni mingi, na kila mtu hujua kipande chake kinakomea wapi. Mwenye pupa huonekana upesi.

Sasa wewe, kijana uliye na mtihani mbele yako, utaniuliza: Je, mwalimu, hukutufundisha kwamba wakati ni mali? Kuketi saa nzima juu ya benchi, au mbele ya sahani, bila neno la maana kusemwa, si upotevu?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1511, katika mji mtukufu wa Makka, mkuu mmoja aliyeitwa Khair Beg aliwaona watu wamekusanyika usiku wakinywa kahawa. Akaingiwa na shaka, akawaita wanazuoni na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku mjini. Marufuku hiyo haikudumu, kwa maana huko Kairo, alikokaa sultani wake, kahawa ilikwisha kupendwa. Tena mwezi wa Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza kwamba nyumba zote za kahawa zifungwe kuanzia tarehe 10 Januari 1676. Zogo lililozuka likawa kubwa hata akaligeuza neno lake kabla ya siku hiyo kufika. Wakubwa hawa wawili walitofautiana kwa dini, lugha na nchi. Hata hivyo walichokiogopa ni kimoja, nacho hakikuwa kinywaji. Waliogopa watu wanaoketi pamoja bila kuitwa na mkubwa yeyote, wakizungumza jambo lolote lijalo.

Watetezi wa mikahawa wana jawabu lao wanalolipenda sana. Husema kwamba mazungumzo hayo yamezaa matunda. Kwamba katika mkahawa wa Edward Lloyd mjini London, mwishoni mwa karne ya 17, manahodha na wafanyabiashara walikutana hata biashara kubwa ya bima za meli ikatokea mle. Hata sisi tungaliweza kusema hivyo. Neno baraza kwanza lilikuwa kikalio cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kupungia upepo. Leo tuna Baraza la Mawaziri. Na wazee wa Kidigo, kabla ya ofisi yoyote kujengwa, waliketi ngambi katika kaya kuamua mambo ya watu wao. Kaya Kinondo ingali imesimama karibu na bahari, msitu mdogo uliohifadhiwa kwa miiko, nao umo katika misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Yote hayo ni kweli, lakini mimi silipendi jawabu hilo. Atetewaye kwa faida yake huachwa siku faida itakapokoma. Ukisema kuketi na rafiki ni kwema kwa sababu huenda kukazaa biashara au shauri, umekwisha kumfanya rafiki kuwa shamba, na siku asipozaa utang'oa mizizi. Mtu anayekuja barazani akipima nani atamfaa, hata akinywa finjani kumi, hajaketi na mtu bado. Huyu ndiye mpoteza wakati hasa, wa kwake na wa wenzake.

Aristoteli, mwanafalsafa wa Wayunani wa kale, aliugawa urafiki katika namna tatu: ule wa manufaa, ule wa kufurahishana, na ule wa watu wanaopendana kwa wema wa nafsi zao. Namna ya tatu aliisifu kuliko zote, lakini akaonya kwamba haiwezi kuharakishwa. Akataja methali ya watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wamekula pamoja chumvi ya kutosha. Sisi tunamwambia mzee kuwa amekula chumvi nyingi, tukimaanisha ameishi miaka mingi. Wayunani waliipima kwa chumvi miaka ya watu wawili pamoja. Hebu fikiri chumvi iliyomo katika mlo mmoja ni punje ngapi, kisha uhesabu milo inayohitajika kuimaliza pishi. Hakuna njia ya mkato. Urafiki ule mkubwa unaousifu hauna budi kupita katika jioni nyingi ndogo zisizo na habari.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye methali yetu, maana naona wanaoitumia kumdharau rafiki wa finjani hawajauliza swali moja. Huyo rafiki wa dhiki hupataje kujua kwamba una dhiki? Dhiki kubwa, kama moto na msiba, hupigiwa mbiu, na kwa hizo hata adui huja. Lakini dhiki nyingi hazina mbiu. Mtu amepunguzwa kazini wala hajamwambia mkewe. Mtu ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mtu hana ugonjwa wenye jina, ila usiku hapati usingizi. Huyu hatakuja kubisha mlangoni kwako akupe taarifa. Atakuja kuketi mahali pake pa siku zote, atapokea finjani yake, nayo itapoa mkononi. Mpita njia haoni kitu. Mwenye kumfahamu kwamba siku zote humaliza ya kwanza kabla mwenziwe hajaonja, huyo ataona. Ujuzi huo haupatikani katika siku ya dhiki yenyewe. Ulikusanywa katika siku ambazo ulidhani zimepotea.

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia Kenya, serikali iliagiza mikahawa isikalishe watu, kisha ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Ilikuwa amri ya lazima, wala siilaumu. Lakini mabenchi yale yalipoondolewa ndipo wengi wetu tulipotambua kazi yaliyokuwa yakifanya. Hoteli za Diani zilikosa wageni, vijana wakarudi majumbani bila mshahara, na kila mtu akakaa na shida yake ndani ya kuta zake. Simu zilikuwapo, na salamu zilitumwa. Simu hukuambia mtu anavyosema; haikuambii finjani yake imepoa.

Nisionekane kuwa nalipamba benchi kupita kiasi. Lina maovu yake, nami nayajua. La kwanza ni masengenyo: aondokaye kwanza ndiye awaye mazungumzo. Ukiona watu hawataki kuinuka, huenda si kwa mapenzi, bali kila mmoja achelea mgongo wake. La pili ni baya zaidi. Kuna mwanamume awanunuliaye benchi zima kahawa, akasifiwa ukarimu wake, ilhali nyumbani mafuta ya kupikia yamekwisha tangu juzi. Ukarimu huo umelipwa na mtu ambaye hakuketi pale wala hakuulizwa. Na hapo pana jambo la tatu, ambalo wasichana wasomao kurasa hizi wamekwisha kulitambua tangu nilipowataja walioketi: wote walikuwa wanaume. Wanawake wa kwetu wana vikao vyao, vya kusuka ukili, kusukana nywele, na kungojea maji, ila katika vikao hivyo mikono yao haipumziki. Mwanamume hupewa benchi la kukaa bure. Mwanamke kuketi kwake ni lazima kuwe na kazi ndani yake. Sioni sababu ya haki katika tofauti hiyo. Vile viduka vya piza, ambavyo wazee wengine huvinung'unikia, vimefanya jambo moja jema: nimeona wauguzi wawili wakiingia na sare zao baada ya kazi, wakaagiza, wakaketi saa nzima wakicheka, na hakuna aliyewauliza wamemaliza kufua.

Sasa tufikie fedha, maana hapo ndipo urafiki mwingi huvunjika kimya kimya. Kwa muuza kahawa, sarafu chache zatosha, na leo nikilipa mimi, kesho atalipa mwenzangu. Hatuandiki, wala hatusahau. Piza nzima huko Diani hupita shilingi 1,000. Katika bei hiyo zamu ya malipo si mchezo tena. Masika yanapokuja, watalii hupungua, hoteli hupunguza watu, na mchoma piza hukaa nyumbani mpaka wageni warudi. Msimu mmoja rafiki yangu alikuwa katika hali hiyo. Mimi mshahara wangu haujui mvua wala jua, basi nikamwambia twende tukale piza, nitalipa. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, twende kwa kahawa. Leo ni yangu."

Nililifikiri sana jibu hilo. Je, alikuwa na kiburi? Mtu mwingine angalisema ndiyo, rafiki wa kweli hupokea. Kukataa kupewa ni kumnyima mwenzio furaha ya kutoa. Hoja hiyo ni nzito, nami siitupi. Lakini tazama upande wa pili. Mtu anayelipiwa mara ya kwanza amefurahiwa. Mara ya tatu amesaidiwa. Mara ya kumi ameajiriwa. Ataanza kucheka mizaha isiyochekesha. Ataacha kubisha, hata pale mlipaji anapokosea. Na mlipaji, bila kukusudia, atazoea kuketi upande wa upepo na kusema la mwisho. Hapo mmebaki na mfadhili na mfadhiliwa, uhusiano ambao una heshima yake, ila Wadigo hawangaliuita usena. Rafiki yangu hakukataa fadhili. Alilinda haki yake ya kunipinga. Kwa hiyo kwa maoni yangu, marafiki wawili wakichagua mahali pa kuketi, mfuko mwepesi ndio upewe kuchagua, na mfuko mzito ufuate bila kutoa hotuba. Piza ingoje. Haitaharibika kwa kungojewa. Aliyeizoea tanuri ndiye aliyenihakikishia hivyo.

Liko jambo moja ambalo siwezi kulipita, ijapokuwa ni chungu. Mwezi wa Agosti 1997 fujo zilizoanza Likoni zilienea hadi Ukunda na sehemu nyingine za Kwale. Watu waliuawa, maelfu walikimbia, na wengi wa walioandamwa walikuwa wenye asili ya bara, ambao wenyeji walikuwa wakinunua dukani kwao na kushona viatu kwao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Sitakuambia kwamba kahawa ingaliweza kuzuia panga. Haingaliweza, na anayesema hivyo hajui panga ni nini. Ninalosema ni dogo kuliko hilo. Mwenye kuchochea fitina huhitaji kwanza kuwafanya watu wawe kundi lisilo na nyuso: wale, wageni, wabara, wapwani. Kazi hiyo humwia ngumu mbele ya mtu aliyeketi miaka mitano na mmoja wao, akajua kwamba hukohoa kabla ya kusema, hupenda kashata ya nazi kuliko ya karanga, na mwanawe wa pili ni kiziwi. Huyo hana "wale." Ana fulani, na fulani ana mahali pake kwenye benchi. Leo, katika mabenchi ya Ukunda, utawaona tena wapwani na wabara wakinywa pamoja. Waulize wanazungumza nini, watakuambia mpira.

Nimebakiza swali moja ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, nami ningependa ulitie akilini kabla hujafika umri wa mshahara. Je, yafaa kumkopesha fedha mtu unayeketi naye? Mara nyingi itakubidi, kwa kuwa ndiye umwonaye. Lakini angalia kinachotokea. Siku ya kulipa ikipita, mwenye deni huanza kuikwepa ile njia ya benchi. Hupita nyuma ya msikiti, au hungoja giza liingie. Wewe unadhani amekula fedha zako, naye adhani umekuwa mdai. Mmepoteza fedha, na pamoja nazo jioni zenu, ambazo hazikuwa na bei. Ikikufika hali hiyo, mtangulie. Nenda wewe aliko, umchukue mkono, mrudi pamoja penye dele, na deni lisitajwe pale hata kwa mzaha, wala mbele ya watatu wala mkiwa wawili. Kulidai ni haki yako, nawe ulidai siku nyingine, asubuhi, nyumbani kwake, mkiwa mmesimama.